Hadithi za upelelezi za Wanavajo: mchawi awe wa kweli au la?

Rondo_Junior:
Wadau habari za leo. Nimenogewa na vitabu vya Tony Hillerman, yule Mmarekani aliyeanza mwaka 1970 kuandika habari za mapolisi wa Kinavajo (Wanavajo ni kabila la wenyeji asilia wa Marekani), kina Leaphorn na Chee. Sasa na mimi naandika ya kwangu, polisi wa Newala, mkulima kakutwa amekufa chini ya dungu shambani kwake na kijiji kizima kinasema ni simba-mtu, yaani simba wa kutumwa kichawi. Nimekwama mwisho. Nikisema simba wa kutumwa ni kweli upelelezi umekufa, nikisema uongo naonekana nawadharau wazee. Mngefanyaje?

Bibi_Korosho:
Mbona jibu unalo humo humo. Leaphorn haamini wachawi, lakini anajua watu wanaamini na mtu anaweza kuuliwa kwa hofu hiyo, kwa hiyo anauliza nani anasemwa na nani anafaidika na hayo maneno. Chee yeye ni polisi na huku anajifunza uganga, zile nyimbo za tiba. Imani inabaki yao, muuaji anabaki binadamu.

Masasi_Kwetu:
Njomba, ushahidi utoe kwenye mila. Kwa Wanavajo wa zamani mtu akifia ndani ya hogan, nyumba yao ya magogo na udongo, wanatoboa ukuta wa kaskazini wanatolea maiti hapo halafu wanaihama, wanaogopa mzimu uitwao chindi. Polisi wa kwao akiona tundu upande huo ameshajua humu kafia mtu, hajamuuliza yeyote. Wa kwako je? Watu wanalala dunguni kufukuza nguruwe pori, na watafiti waliofuatilia simba wala watu huku Lindi na Mtwara miaka ya 2000 walisema simba wanawafuata hao nguruwe mpaka mashambani. Basi shamba la marehemu lisiwe na unyayo hata mmoja wa nguruwe, mahindi yamesimama hayajaguswa. Simba alifuata nini pale?

Rondo_Junior:
Duh! Hiyo naichukua kama ilivyo.

Bibi_Korosho:
Chukua ila punguza uchawi mdogo wangu. Wanavajo wengi hata kumtaja yule mchawi anayejigeuza mnyama hawataki, hasa mbele ya wageni, na wapo walionung'unika kuona watu wa nje wanamfanyia biashara. Na wewe ya jandoni yaache huko huko, wazee wa Newala hawatakuelewa.