Jetta ya dizeli ya mwaka 2012: nikubali matengenezo ya moshi au niirudishe kwa mtengenezaji?

Mkazi wa Columbus – Machi 2018

Habari zenu ndugu. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, kwa sababu muda unazidi kunibana. Ninamiliki Volkswagen Jetta ya mwaka 2012 yenye injini ya dizeli ya lita 2.0, ambayo niliinunua mwaka 2013, yaani kabla Shirika la Mazingira la Marekani halijafichua, Septemba 2015, kwamba magari hayo yalipachikwa programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Kwa mujibu wa makubaliano ambayo Jaji Charles Breyer wa San Francisco aliyaidhinisha Oktoba 2016, ninaweza kuiuza kwa kampuni kwa thamani iliyokuwa nayo kabla ya kashfa, au nibaki nayo nikubali ifanyiwe matengenezo bila malipo. Katika njia zote mbili nitapata fidia isiyopungua dola 5,100. Mwisho wa kuwasilisha dai ni tarehe 1 Septemba mwaka huu.

Gari lenyewe halijanisumbua. Limetembea zaidi ya maili 100,000, nyingi zikiwa za barabara kuu kwenda na kurudi kazini, na hunipa maili 42 hadi 45 kwa galoni. Hofu yangu ni kwamba likishatengenezwa litaanza kula mafuta, litapoteza nguvu, na vipuri vya mfumo wa moshi vitakufa mapema. Mama watoto anasema tulirudishe tuchukue fedha, hasa kwa kuwa tunatarajia kuhamia mjini karibu na kazi yangu wakati wa kiangazi. Mimi bado nasita, kwani sijui ni gari gani la bei hiyo litakalonipa maili kama hizi. Je, wapo waliokwisha kufanyiwa matengenezo hayo? Ulaji wa mafuta umebadilika kwa kiasi gani?

Fundi wa Dizeli

Ndugu wa Columbus, swali lako ni zuri, lakini naona umeshika upande mdogo wa jambo na kuuachia ule mkubwa. Nitaanza na huo mdogo, kwa sababu ndio uliouliza.

Injini ya dizeli inapochoma mafuta kwa joto kali hutumia mafuta vizuri, lakini joto hilo hilo ndilo linalounganisha nitrojeni na oksijeni za hewa na kuzaa oksidi za nitrojeni, ambazo ndizo kiini cha kesi hii yote. Ili kuzipunguza, sehemu ya moshi hurudishwa ndani ya injini kupitia valvu maalumu, joto likashuka. Gharama yake ni kwamba uchomaji unakuwa mchafu zaidi na masizi yanaongezeka. Masizi hayo hunaswa na kichujio, na kichujio kikijaa kompyuta huongeza mafuta ili joto la moshi lipande na kuyateketeza. Zaidi ya hayo, Jetta za kizazi chako hazitumii urea, yaani kimiminika kinachopuliziwa kwenye moshi ili kuzivunja oksidi hizo. Zina mtego unaokusanya oksidi za nitrojeni na ambao ni lazima usafishwe kila baada ya muda mfupi kwa kuipa injini mafuta mengi kuliko inavyohitaji. Programu ya udanganyifu ilikuwa inazipunguza kazi hizi gari likiwa barabarani na kuzirudisha likiwa kwenye mashine ya vipimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa vya kupimia kwenye magari yenyewe na kuyaendesha barabarani, walikuta Jetta ikitoa oksidi hizo mara 15 hadi 35 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kwa hiyo ndiyo, gari linalofanya kazi hizi kwa uaminifu hutumia mafuta zaidi.

Lakini zaidi kiasi gani? Oktoba 2015 jarida la Consumer Reports liliilazimisha Jetta ya mwaka 2011 iliyotumia injini kama yako ibaki katika hali yake ya vipimo, kisha likaiendesha barabara kuu. Ilishuka kutoka maili 50 hadi 46 kwa galoni, na muda wa kufikia maili 60 kwa saa uliongezeka kutoka sekunde 9.9 hadi 10.5. Hayo hayakuwa matengenezo yaliyoidhinishwa baadaye, bali yanatupa picha ya ukubwa wa jambo. Sasa piga hesabu: mtu anayeendesha maili 20,000 kwa mwaka atatumia takriban galoni 35 zaidi, ambazo kwa bei ya dola tatu hivi kwa galoni ni kama dola 105. Kwa fedha hizo hupati hata seti ya matairi. Haiwezekani uamuzi wa maelfu ya dola ukaning'inia hapo.

Upande mkubwa ni kichujio cha masizi. Kichujio hujisafisha vyema pale gari linapokwenda kwa mwendo mmoja na injini ikiwa imepata moto wa kutosha. Wewe kwa sasa una barabara kuu ndefu, na huenda hiyo ndiyo sababu gari halijakusumbua. Lakini umetaja, tena kama jambo la pembeni, kwamba mnahamia karibu na kazi. Je, utakuwa umbali gani na kazi, na gari hilo litaendelea kutoka nje ya mji mara kwa mara?

Dada wa Houston

Kaka, mimi nina Passat ya dizeli ya mwaka 2013 iliyotengenezwa mwaka jana, baada ya mamlaka kuidhinisha matengenezo ya aina hiyo mwezi Mei. Sikuona tofauti ya mafuta ambayo ningethubutu kuiapia, ila urea najaza mapema kuliko zamani. Hata hivyo usiupime uamuzi wako kwa gari langu, maana Passat hupuliziwa urea kwenye moshi na hiyo ndiyo inayozivunja oksidi za nitrojeni, kwa hiyo injini haina haja ya kujinyima sana. Gari lako liko katika kundi la kwanza, lile la miaka ya 2009 hadi 2014, lililoidhinishiwa matengenezo Julai 2017. Wengi mitandaoni huyachanganya makundi haya na kupeana ushauri usiohusu gari linaloulizwa.

Ukitaka kupima mwenyewe, usiiamini namba ya kwenye dashibodi. Jaza tangi hadi pampu ikatike, andika maili, endesha, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile na ugawanye maili kwa galoni. Fanya hivyo kwa matangi kadhaa kabla ya matengenezo na baada yake, na katika majira yale yale ya mwaka, kwani dizeli ya msimu wa baridi na injini inayochelewa kupata moto vinaweza kushusha maili na wewe ukailaumu programu.

Mtanzania wa Stuttgart

Ninyi wa Marekani mna bahati ya kuulizwa mnataka nini. Huku Ujerumani mamlaka ya magari iliamuru magari yapatayo milioni 2.4 yaitwe gereji, na anayekataa anaweza kufutiwa usajili wa gari lake. Injini nyingi za lita 2.0 hupata programu mpya tu, na zile za lita 1.6 huongezewa kipande cha plastiki chenye wavu mbele ya kipima hewa ili upepo uingie ukiwa umetulia. Hakuna hundi ya dola 5,100 wala kununuliwa gari kwa bei ya zamani. Anayetaka fidia aende mahakamani.

Tena hata ukitii, hujamaliza. Mwishoni mwa mwezi uliopita Mahakama ya Juu ya Utawala mjini Leipzig imeamua kwamba miji inaweza kuzuia magari ya dizeli kuingia, na sisi wa Stuttgart tuko mstari wa mbele. Bei ya magari yetu sokoni inashuka kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya mafuta yanayoliwa zaidi. Ningekuwa mahali pako, fedha ningekuwa nimekwisha kuzichukua.

Mkazi wa Columbus

Nawashukuru sana nyote. Fundi, nyumba mpya iko maili nne tu kutoka kazini, na safari za mbali zitakuwa za sikukuu kwa kuwa gari la mama watoto ndilo kubwa. Je, dhamana ya ziada inayotolewa pamoja na matengenezo haitanilinda kichujio kikileta matatizo? Na vipi kuhusu wazo la kuitengeneza, nikaitumia mwaka mmoja au miwili, kisha nikaisafirisha nyumbani Dar es Salaam?

Fundi wa Dizeli

Basi jibu limebadilika. Maili nne mjini ni umbali ambao injini ya dizeli haijapata moto sawasawa wakati unazima. Kichujio kitaanza kujisafisha na kukatizwa njiani kila siku, mafuta yanayoongezwa kwa kazi hiyo yatapenya na kuingia kwenye oili, na maili zako 45 hutaziona tena, liwe limetengenezwa au halijatengenezwa. Kwa mtu aliyebaki barabara kuu ningesema tengeneza, chukua fidia, endelea kuendesha. Kwa wewe, lirudishe.

Dhamana ni nzuri lakini isome vizuri. Inahusu mfumo wa moshi na baadhi ya sehemu za injini zinazohusiana nao, kwa miaka 10 au maili 120,000 tangu gari lilipoanza kutumika, au miaka minne au maili 48,000 tangu litengenezwe, ule muda utakaokuwa mrefu zaidi. Wewe umekwisha kupita maili 100,000, kwa hiyo kinga yako halisi ni ile ya miaka minne. Baada ya hapo kichujio ni mzigo wako, na bei yake si ya kuchezea.

Kuhusu Dar es Salaam, achana nalo. Usukani uko kushoto, na mtego wa oksidi za nitrojeni huharibiwa na salfa. Dizeli ya hapa Marekani hairuhusiwi kuzidi sehemu 15 za salfa kwa milioni, ilhali kiwango cha Afrika Mashariki ni 50.

Katika hesabu ya fedha, fidia ni asilimia 20 ya thamani ya gari ilivyokuwa Septemba 2015, ukiongeza dola 2,986.73, na ikipungua chini ya 5,100 hupandishwa hadi hapo. Bei ya gari lenyewe inakuja juu ya hiyo, ingawa hurekebishwa kwa kuangalia maili na vifaa, hivyo safari zako nyingi zitaipunguza kidogo. Kama bado una mkopo, benki hulipwa kwanza nawe ukapewa kinachobaki.

Wasilisha dai sasa hivi, usingoje Agosti, maana miadi hujaa na ununuzi wote unafungwa mwishoni mwa Desemba. Hadi siku hiyo endelea kulitunza, na usishawishike kuling'oa chochote, kwa sababu sharti mojawapo ni kwamba gari lifike kwa wakala likiendeshwa kwa injini yake lenyewe.