Orodha zenu za RPG bora za enzi ya biti 16 ni uvivu mtupu

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha, leo acheni niteme nyongo. Imeletwa humu orodha nyingine ya "RPG bora za zamani", yaani zile gemu za safari ndefu na wahusika wanaopanda viwango, za enzi ya mashine za biti 16 kama Super Nintendo, na kabla hata sijaifungua nilishajua kilichomo. Namba moja Chrono Trigger. Namba mbili Final Fantasy VI. Nyuma yake Secret of Mana, EarthBound na Super Mario RPG, zikipishana viti kidogo ili isijulikane kwamba orodha imenakiliwa. Chini kabisa, kwa huruma, kagemu kamoja ka Sega. Basi. Makofi, "umetisha mkuu", mjadala umefungwa.

Kabla hamjanirukia: Chrono Trigger naipenda. Horii wa Dragon Quest, Sakaguchi wa Final Fantasy na Toriyama mchoraji kuketi kazi moja, gemu ikatoka mwaka 1995, na muziki wa Mitsuda aliyejituma mpaka akaugua vidonda vya tumbo, Uematsu, mtunzi wa muziki wa Final Fantasy, akaja kumalizia zilizobaki. Nani atabishana na hapo? Ugomvi wangu ni nyinyi waandishi wa orodha. Mnachokiita "bora za enzi hiyo" ni bora kati ya zile zilizobahatika kupata Kiingereza na kuuzwa Marekani tangu 1991 hadi 1996. Gemu zenyewe hamkuzipima. Mliowapima ni wafanyabiashara wa wakati ule, nini walithubutu kuleta na nini walikiacha Japani, halafu mkayageuza maamuzi yao kuwa ladha yenu.

Na maamuzi yao yalikuwaje? Final Fantasy IV ilipofika Marekani mwaka 1991 iliitwa Final Fantasy II, kwa sababu ya II na ya III halisi zilikuwa zimeachwa Japani. Ikapunguzwa makali, baadhi ya amri za wahusika zikakatwa kabisa. Cecil, mhusika mkuu, akiwa bado shujaa wa giza alinyang'anywa shambulio lake la giza! Ya V ya mwaka 1992 haikuletwa. Ya VI ya mwaka 1994 ikapewa jina la III. Halafu mwaka 1997 ya VII ikaja kama VII, watu wakabaki wanahesabu vidole kutafuta nyingine zimepotelea wapi. Ulaya ndiko kabisa: ya VII ndiyo iliyokuwa ya kwanza yenye namba kuwafikia. Chrono Trigger yenyewe mnayoisujudia haikuuzwa Ulaya kwenye Super Nintendo. Waliisubiri mpaka toleo la Nintendo DS mwaka 2009.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalonichoma zaidi. Mwaka uleule wa 1992 ambao Wajapani walikuwa wanapata Final Fantasy V, Wamarekani waliundiwa Final Fantasy Mystic Quest. Gemu ya kufundishia. Maadui wamesimama wanakusubiri, ukishindwa pambano unalirudia palepale, vifaa vipya vinajivalisha vyenyewe. Mtu aliketi ofisini akaamua kwamba hawa watu hawana akili ya kucheza kitu chenye kazi (fani za wahusika) zaidi ya 20 za kubadilishana, wapewe uji. Nyinyi leo, miaka yote hii baadaye, bado mnaorodhesha kana kwamba mtu yule alikuwa sahihi.

Maana Final Fantasy V ndiyo yenye mfumo wa mapigano mtamu kuliko zote za Super Nintendo, na hapo sirudi nyuma hata mje kundi zima. Unampa mhusika kazi ya mchawi, akikomaa unambadilisha kuwa mpiganaji huku akibeba ujuzi mmoja wa uchawi. Mtawa, ninja, mwimbaji wa kinubi, mwigaji anayerudia alichofanya mwenzake. Unaweza kuimaliza kwa timu ya ajabu ambayo hakuna mwongozo uliokuambia uiunde, na mpaka leo wapo wanaoicheza kila mwaka kwa kupangiwa kazi nne za bahati nasibu, waone kama watatoboa. Hadithi yake nyepesi? Ndiyo, ina utani mwingi na Gilgamesh, mmoja wa maadui zake, ni kichekesho kinachotembea. Lakini msiniletee hoja ya hadithi halafu mkanyamazia kwamba katika toleo la kwanza la Final Fantasy VI ile tarakimu ya kukwepa mashambulizi haifanyi kazi hata kidogo. Ngao yako yenye asilimia kubwa ya kukwepa ilikuwa inategemea tarakimu nyingine, ile ya kukwepa uchawi. Gemu ya namba mbili duniani, na kukwepa ni pambo. Ingekuwa gemu ya Sega mngeisema mpaka kesho.

Tuje Dragon Quest V. Hapa nitakaa.

Septemba 1992, Super Famicom, ndiyo Super Nintendo ya Japani. Unaanza ukiwa mtoto mdogo, unamfuata baba yako kila mahali, na kila ukiumia anakutibu bila wewe kubonyeza kitu. Mnapopigana, yeye ndiye anayeua karibu kila kitu. Wewe unatia fimbo yako kidogo. Gemu inakufanya umtegemee kwa mfumo wa mapigano wenyewe, haihitaji hotuba. Kisha unamshuhudia akiuawa kwa sababu yako, mikono yake imefungwa kwa kuwa adui amekushika wewe. Unakua utumwani. Unatoka, unatembea dunia, unaoa, na kuoa ni uamuzi wako kati ya Bianca uliyekua naye na Flora mwenye baba tajiri, wala si swali la mapambo, maana watoto wako watazaliwa na rangi ya nywele za mama yao. Unageuzwa jiwe na miaka inapita huku dunia ikiendelea bila wewe. Anayekuja kukufungua ni mwanao. Na hapo ndipo unapogundua kwamba ule upanga wa shujaa uliohangaika nao muda wote, usioweza hata kuushika vizuri, ulikuwa unamsubiri yeye. Wewe si shujaa wa unabii. Wewe ni baba yake.

Nitajieni gemu moja katika tano zenu za juu iliyothubutu kufanya hivyo mwaka 1992. Nasubiri.

Na juu ya hayo yote, katika gemu hiyohiyo unawashinda mazimwi na baadhi yao wanaomba kuambatana nawe, unawalea, wanapanda viwango, wanaingia kwenye timu. Pokémon imetoka 1996. Kila mara naona mtu ameandika kwamba Pokémon ndiyo iliyoanzisha kukusanya viumbe wa kupigana, na kila mara napandwa presha. Hata Dragon Quest V haikuanzisha; Megami Tensei ilikuwa inakuruhusu kuzungumza na mashetani uwaingize kundini tangu 1987, kwenye Famicom, mashine iliyotangulia Super Famicom. Lakini kwa mwandishi wa orodha, kisichofika Marekani hakikutokea. Dragon Quest V ilipata Kiingereza rasmi kwenye DS mwaka 2009. Miaka 17.

Najua mtakachojibu: "Mkuu, haikutafsiriwa, tungeijuaje?" Kisingizio hicho kilikuwa na maana kwa mtoto wa 1993. Kaseti zilikuwa ghali, kumbukumbu yake finyu. Chrono Trigger nzima ni megabaiti 4, picha na muziki na maneno yote humo. Kijapani kinabana maneno mengi katika herufi chache, Kiingereza kikiingia kinajaza kisanduku, ndiyo maana maneno ya Secret of Mana yalikatwakatwa mpaka wahusika wanaongea kama telegramu. Ted Woolsey alipewa takriban mwezi mmoja kuitafsiri Final Fantasy VI nzima. Haya yote nayaelewa. Lakini wewe unaandika leo! Mashabiki waliitafsiri Final Fantasy V mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa mikono yao, bila kulipwa, kabla kampuni yenyewe haijaileta kwenye PlayStation mwaka 1999. Seiken Densetsu 3 ya 1995 mashabiki waliipa Kiingereza karibu miaka ishirini kabla ya ile rasmi ya 2019. Live A Live ya 1994 mashabiki waliifanyia hivyohivyo, mpaka ikaja kutengenezwa upya 2022. Hakuna mlango uliofungwa. Uvivu tu.

Halafu Sega. Hapa hata hicho kisingizio hamna, maana Phantasy Star II na ya IV zilitoka kwa Kiingereza, Marekani hukohuko, kwenye mashine iliyouzwa duka moja na Super Nintendo. Zimekosa nini?

Phantasy Star ya kwanza, 1987, Master System ya biti 8: shujaa wake ni msichana, Alis, anayetafuta kisasi cha kaka yake, na mapango yake unayatembea kwa macho ya mhusika huku kuta zikisogea laini wakati gemu nyingine zilikuwa zinaruka picha kwa picha. Ya pili, 1989, inamuua Nei, msichana wa timu yako, katikati ya safari na hafufuki, hata ukiwa na maabara ya kunakili miili. Kila mwaka lazima atokee mtu kuandika kwamba Aerith wa Final Fantasy VII ya 1997 ndiye mhusika wa kwanza wa timu kufa moja kwa moja. Miaka minane, jamani! Hata katika Final Fantasy yenyewe Galuf alishatangulia kwenye ya V, ila ndiyo hivyo, ya V hamkuicheza. (Samahani kwa waliokuwa hawajui, lakini gemu ina umri wa kuwa na wajukuu.)

Na Phantasy Star IV, Desemba 1993. Hadithi inasimuliwa kwa vipande vya picha vinavyopangana juu ya kioo kama kitabu cha katuni. Mapigano yanaenda kasi, unaweza kupanga mapema mfululizo wa amri za timu nzima na kuuita kwa kitufe kimoja, na mbinu za wahusika wawili au watatu zikifuatana sawasawa zinaungana kuwa shambulio moja kubwa ambalo gemu haikuambii, unaligundua mwenyewe. Mnaisifu Chrono Trigger kwa mashambulizi ya kuunganisha. Hii ilikuwa nayo zaidi ya mwaka mmoja kabla. Nyuma ya mfululizo huu alikuwepo Rieko Kodama, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa wanaongoza gemu kubwa wakati ule, na alipofariki mwaka 2022 ndipo ghafla kila mtu akawa shabiki wa tangu zamani. Marekani iliuzwa karibu dola 100 mwaka 1995, kwenye mashine iliyokuwa inaelekea kustaafu. Ndiyo maana wachache waliinunua. Bei ya kaseti ya 1995 inaingiaje kwenye ubora wa gemu leo?

PC Engine, mashine nyingine ya Kijapani ya enzi hiyo, sitaki hata kuanza. Ys I na II kwenye CD, 1989, watu wanaongea kwa sauti na gitaa la umeme linalia, wakati Super Famicom haijazaliwa. Lini mmeiweka popote?

Kichekesho kinachothibitisha kila ninachosema ni Terranigma. Hii Ulaya waliipata mwaka 1996, Kiingereza safi, kaseti halali. Unafufua mabara, kisha mimea, ndege, wanyama, mwishoni binadamu, halafu unaona miji ikikua kutokana na ulichofanya. Ilikosa Marekani tu. Na kwenye orodha zenu iko wapi? Haipo. Kwa hiyo hata lugha si sababu. Mnanakili kumbukumbu za utoto za watu wa nchi moja, basi, na wengi wenu hata utoto huo si wenu, mmeuokota kwenye video.

Ninachotaka ni kidogo. Ukileta orodha, andika pembeni ya kila gemu kama umeimaliza au umeisikia. Kama hujagusa hata moja iliyobaki Japani wakati ule, andika kichwa cha habari kwa ukweli: "RPG nilizozipenda zilizouzwa Marekani". Hapo hutaniona nikikusumbua. EarthBound ibaki, ile mita ya uhai inayozunguka taratibu ukapata nafasi ya kujitibu kabla hujafa ni ubunifu wa hali ya juu, siitoi. Super Mario RPG inaweza kushuka, na mnajua inaweza.

Zangu hizi, nimezimaliza zote: Dragon Quest V, Phantasy Star IV, Final Fantasy V, Terranigma, Chrono Trigger. Kwa mpangilio huohuo. Njooni tupigane kwa hoja, mwenye emuleta (programu ya kuchezea gemu za zamani kwenye kompyuta) na alete ushahidi. Na kama humu kuna mtu aliyemwacha Bianca akamwoa Flora kwa ajili ya pesa za baba mkwe, huyo ajitokeze kwanza, nina maneno naye tofauti.