Tangi la pikipiki ya zamani ya BSA: puti kabla ya kromu?

Swali: Ndugu mafundi, ninairejesha BSA Gold Star ya marehemu baba yangu hapa Nairobi. Tangi limeshika kutu na limebonyea ubavuni, karibu na raba ya goti. Je, nilijaze puti kabla ya kulipeleka kupakwa kromu?

Fundi, Kariobangi: Puti usiiguse, ndugu yangu, kwa sababu kromu hupakwa kwa umeme, na puti haipitishi umeme, hivyo kromu haitashika juu yake. Bati linyooshwe kwa nyundo, kisha lisuguliwe kwa msasa mpaka ling'ae, kwa maana kromu ya urembo kwa kawaida haifiki hata unene wa mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), nayo huonyesha kila mkwaruzo ulio chini yake. Kinachozuia kutu hasa ni tabaka la nikeli linalotangulia kupakwa chini ya kromu. Fundi anayeibania nikeli, muepuke kabisa.

Mwanachama, Industrial Area: Naongeza kwamba asidi ya kuondolea kutu hufichua vitundu, hivyo lipime kwa maji kabla ya kromu. Likihitaji kuchomelewa, lioshwe kwanza kikamilifu, kwani mvuke wa petroli uliosalia hulipuka.

Muuliza swali: Nashukuru sana, wakuu. Puti nimeiacha, nitatafuta mnyoosha bati.