Nitalilindaje trela la safari linaloegeshwa Lanet, Nakuru, Kenya, kwa miezi kadhaa?

Mkaazi wa Lanet:
Hamjambo wanajukwaa. Nina trela la safari la ekseli moja, lenye vitanda na jiko dogo, ambalo familia yangu hulitumia wakati wa likizo tukienda Bogoria au Elementaita, kisha hukaa bila kazi hadi shule zifungwe tena. Limeegeshwa kwenye ploti yetu yenye ua wa mabati na geti moja, lakini mimi hufanya kazi Kisumu na kurudi mwisho wa wiki tu. Hivi karibuni jirani aliibiwa trela la mizigo, na kilichobaki ni mnyororo uliokatwa. Je, nianze na kufuli, mlinzi wa usiku, au kifaa cha kufuatilia? Vyote kwa pamoja sivimudu.

Fundi wa Njoro:
Ndugu, anza kwa kuhakikisha kwamba haliwezi kuvutwa. Kufuli la kichwa cha kuungia trela na gari ni la lazima, hasa lile linalojaza tundu linalokaliwa na tufe la chuma lililo nyuma ya gari, ila lisikupe usingizi, kwa maana mwizi anaweza kuzungushia mnyororo kwenye mkono wa trela (chuma cha mbele cha kulivutia) na kuondoka nalo hivyo hivyo. Kwa kuwa lako hukaa muda mrefu, liinue kwa jeki, uliweke juu ya stendi madhubuti zinazoshika fremu au ekseli (mawe na matofali hupasuka, usiyatumie), kisha utoe magurudumu yote mawili na kuyafungia ndani ya nyumba. Ukiona kazi hiyo ni nyingi, tafuta kibano cha gurudumu kinachopita kwenye rimu na kuziba nati.

Kuhusu mnyororo, ule unaolala chini hukatwa upesi kwa sababu mwizi huegemeza mpini mmoja wa mkasi wa kukatia chuma ardhini na kuukandamiza wa pili kwa uzito wa mwili wake wote. Uinue, uukaze, na uufunge kwenye pete iliyozamishwa katika zege. Grainda ya betri itaukata hata hivyo, lakini kwa kelele na cheche ambazo majirani hawatakosa kuziona.

Mama wa Kiamunyi:
Ligeuze mkono wake utazame ukuta. Kulitoa hapo kutawalazimu kuligeuza kwanza.

Dereva Mstaafu:
Kifaa cha kufuatilia hakizuii wizi, kwa hiyo kinunue baadaye. Utakapokinunua, chagua chenye betri yake mwenyewe, kwani kinachotegemea betri ya trela hunyamaza waya unapokatwa. Usikifiche nyuma ya bati la aluminiamu, kwa kuwa chuma huzuia mawimbi, na laini yake ya simu iwe na salio wakati wote.

Mkaazi wa Lanet:
Nashukuru sana. Magurudumu nitayatoa. Je, hawatavunja mlango wachukue vya ndani?

Dereva Mstaafu:
Wanaweza, kwa hiyo wasikute kitu. Toa betri, na mtungi wa gesi uuweke wima mahali penye hewa, si chumbani mnamolala watu. Acha mapazia wazi ili anayechungulia aone vitanda vitupu. Jambo ambalo wengi hulipuuza ni kumbukumbu: piga picha za namba ya fremu, kibao cha usajili kinachoanza kwa Z na kitabu cha umiliki, kisha uchonge namba ya gari lako mahali pawili palipofichika. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanatakiwa kuwa na leseni kwa sheria ya mwaka 2015, lakini bila alama yako huwezi kuthibitisha kwamba ekseli uliyoikuta kwao ni yako. Likiibwa, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo uandikishe tukio kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha uijulishe kampuni ya bima. Mkataba wa bima usome leo, uone kama unataja aina ya kufuli wanayoitaka, kabla hujaenda dukani.

Mkaazi wa Lanet:
Nitausoma Jumamosi nikirudi, kisha nitamtafuta fundi wa kumwaga zege.