Wakuu, godauni lenye foklifti na vibarua njia tunazigawaje?

mzigo_wa_sukari:
Wakuu habari za saa hizi. Nipo godauni moja hapa Dar, sukari na mchele, usalama nimekabidhiwa juzi tu. Foklifti tunazo 3 za kunyanyua mzigo wa tani 2.5, siku ya kushusha vibarua wanafika 40 na bado matingo wa malori wanazurura kila kona. Wiki iliyopita foklifti inakata kona mkia ukampitia kibarua mguuni, pona yake buti la chuma. Sasa bosi kaniletea ndoo 2 za rangi ya njano anasema chora mistari yaishe. Kutoka reki (rafu za mizigo) hadi reki nina mita 4, njia ya watu niichore upana gani?

fundi reki:
Mkuu humo usichore kabisa. Foklifti ya saizi hiyo ikigeuka kuingiza paleti inakula karibu mita 4 zote, huyo mtu atasimama wapi? Hapo ni zamu, foklifti ikiingia watu wanatoka, weka mnyororo mdomoni mwa njia. Na huyo kijana wala hakuwa mzembe, foklifti inakata kona kwa matairi ya nyuma, mbele ikienda kulia mkia unafagia kushoto, mtu aliyezoea magari hawezi kuotea. Halafu ikiwa tupu tu ina kama tani 4, mstari wa rangi utaizuia nini

Mama Stoo:
Mwanangu kabla hujafungua hiyo ndoo kaa mahali siku nzima uangalie watu wanapita wapi na wanafuata nini. Sisi tulichora mara mbili ikafutika yote, kumbe choo na mama ntilie vilikuwa ng'ambo ya pili, saa 4 ya chai ikifika nani atazunguka godauni zima?? wanakatiza katikati. Tukamhamisha mama ntilie, tukafungua mlango wa pembeni, kelele zikaisha

wa_athi_river:
Boss mimi niko Kenya lakini shida ni ile ile. Matingo wajengee kibanda cha kungojea nje, na dereva wa lori aache funguo kwa ofisi mpaka upakiaji uishe, maana lori likiondoka foklifti ikiwa ndani ni balaa. Pale lazima watu wavuke weka kigeti cha kuvuta kuja kwako, si cha kusukuma, mtu analazimika kusimama kwanza. Kwa kona weka zege na nguzo za chuma, vioo pia vinasaidia ila vikijaa vumbi la unga ni pambo tu

fundi reki:
Hapo kwenye funguo nakubali 100%. Na mzigo ukimziba dereva macho atembee kinyumenyume, wengi wanaona uvivu kugeuza shingo.

mzigo_wa_sukari:
Aisee asanteni sana. Nimeenda kuangalia leo saa 4 kama mama alivyosema, watu 20 na kitu wamepita kwenye reki kufuata chapati. Na mlango wa pembeni upo!! una kufuli tangu enzi za jamaa wa zamani, eti wizi. Ngoja nimfuate bosi na sheria ya usalama kazini ya 2003 mkononi, hiyo rangi nitapaka kuanzia mlangoni

Mama Stoo:
Mwambie akitaka mlinzi pale mlangoni ni mmoja tu