Naomba ushauri: riwaya imetugawa, Ujiji

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Tuko wasomaji saba hapa Ujiji, tunapokezana nakala moja ya The Sparrow ya Mary Doria Russell (1996). Humo, Wajesuiti (shirika la watawa Wakatoliki) wanafuata nyimbo zilizosikika kutoka sayari nyingine. Anarudi padre mmoja tu, mikono imeharibiwa, imani imevunjika.

Mzee wetu, katekista, alipofika hapo alikirudisha kitabu kimefungwa kwenye khanga, hakusema neno. Jumamosi mbili hajaja. Nilimfuata nyumbani, nikamwambia kuuliza si kukufuru. Akanyamaza. Wenzangu wanataka tuendelee bila yeye. Mimi roho inakataa, ndiye aliyetuanzishia kikundi.

Je, tumsubiri, au nimwombe aongoze mjadala wa sura hiyohiyo iliyomuumiza? Na kama umewahi kuisoma na watu wa dini, mlianzia wapi?