Ziara ya sanaa ya siku tano Dar es Salaam kwa darasa la sita: je, inafaa?

Mwalimu wa Sanaa, Tunduru
Ndugu wazazi na walimu wenzangu, nawasalimu. Kamati ya shule yetu imegawanyika kuhusu pendekezo la kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Dar es Salaam kwa siku tano wakati wa likizo ya Juni, nami naomba tulijadili hapa kwa uwazi. Watoto wangelala katika bweni la shule iliyofungwa, wangetembelea Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay na wachongaji wa Mwenge, kisha siku moja wangekwenda Bagamoyo kukiona chuo cha sanaa cha TaSUBa. Gharama zingetokana na michango ya hiari ya wazazi na wadau. Ninaunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu watoto hawa hufundishwa sanaa kwa chaki na ubao, na wengi wao watamaliza shule ya msingi bila kuona sanaa yoyote kwa macho yao.

Mama wa Wawili
Mwalimu, binti yangu yumo katika darasa hilo, kwa hiyo naomba majibu ya mambo matatu. Kwanza, ni nani atakayelala na wasichana, na je, huyo matroni atakuwa mwalimu wanayemfahamu au mtu wa huko huko? Pili, basi litapita njia gani na saa ngapi? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika pale Somanga na wasafiri wakakwama, na hakuna mzazi aliyeisahau ajali ya Karatu ya Mei 2017 iliyoua wanafunzi 32 waliokuwa safarini kwenda kufanya mtihani. Tatu, elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 tuliambiwa michango ni hiari, lakini hiari hiyo ina maana gani kwa mtoto anayebaki nyumbani huku akiwaona wenzake wakipanda basi?

Mzee wa Matogoro
Nimesoma hadi pale Mwalimu alipoandika kwamba watoto wa Ruvuma watamaliza shule bila kuona sanaa yoyote, na maneno hayo yameniuma. Mtoto aliyekulia mkoa huu amesikia ngoma ya lizombe, na kama ana ndugu kando ya Ziwa Nyasa ameona mganda ukichezwa na wanaume, na kioda ikichezwa na kina mama. Bibi yake anasuka mikeka yenye nakshi ambazo hakuna mchoro wa kitabuni unaozifikia. Sasa huyo huyo tumsafirishe siku nzima hadi Kijiji cha Makumbusho akaoneshwe nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa kwa nyasi, na aambiwe kuwa huo ndio utamaduni? Tena huyo Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Tunawapeleka watoto mjini wakaoneshwe kitu ambacho chimbuko lake ni wilaya yao.

Mkazi wa Kijitonyama
Shikamoo mzee wangu. Naomba nipinge kwa heshima, kwa kuwa ninaishi karibu na Kijiji cha Makumbusho na maelezo yako hayakitendei haki. Kipo tangu miaka ya 1960, na hakikujengwa ili Myao akaitazame nyumba ya Kiyao. Kilijengwa ili Myao huyo aone msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, aingie ndani, ainame mlangoni, ajionee jinsi watu wa nchi yake walivyojibu joto, baridi na upepo kwa namna tofauti. Kuhusu Tingatinga, ni kweli alizaliwa huko, lakini uchoraji wake ulianzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Angebaki kijijini pengine asingechora kabisa.

Mzee wa Matogoro
Marahaba, ila sentensi yako ya mwisho ni dharau, hata ukiitanguliza kwa shikamoo. Kwa hiyo sisi tunazaa watu, na mji ndio unaowafanya kuwa watu?

Mkazi wa Kijitonyama
Sikusema hivyo. Nimesema mjini alipata rangi za kupakia baiskeli, alipata wanunuzi, na alipata vijana wa kumrithi. Alifariki mwaka 1972 baada ya kuchora kwa miaka michache tu, na bila hao vijana mtindo ungekufa pamoja naye. Hayo ni mambo ya soko, na soko la picha halikuwapo Tunduru.

Mkulima wa Korosho
Mnabishana kuhusu marehemu huku mzazi aliye hai hana fedha. Mwalimu, korosho zetu huuzwa mnadani kuanzia Oktoba, na kufikia Juni fedha imekwisha katika pembejeo na chakula. Aliyeupanga mwezi huo hakumuuliza mkulima hata mmoja. Kama ziara ingepangwa Desemba, nisingekuwa na neno kuhusu mchango.

Mwalimu wa Sanaa, Tunduru
Mzee wangu, sikukusudia kuidharau lizombe, nami mwenyewe nimeifundisha. Nilichomaanisha ni kwamba watoto wetu hawajawahi kumwona mtu mzima ambaye kazi yake, inayolisha familia na kulipa kodi ya nyumba, ni kuchora au kuchonga. Mtoto mwenye kipawa hapa huambiwa aache mchezo ashike daftari. Akimwona mchongaji wa Mwenge akimhudumia mteja, hataweza kudanganywa tena kwamba kipawa chake ni uvivu.

Mama wa Wawili
Mwalimu, umemjibu Mzee kwa aya nzima. Mambo yangu matatu bado yako pale pale.

Mratibu wa Michezo
Mama, hofu yako ni ya haki, lakini watoto wa umri huo husafiri kila mwaka kwa UMITASHUMTA, yaani mashindano ya shule za msingi, hulala kambini katika mikoa ya mbali, na hushindana si katika riadha tu bali pia katika kwaya na ngoma. Kama tunaliweza hilo, tunaweza na hili.

Mama wa Wawili
UMITASHUMTA ni shughuli ya serikali, yenye viongozi wanaowajibika na utaratibu unaojulikana. Mnachokipendekeza ninyi ni bweni la kuazima, na hadi sasa hakuna aliyetaja hata jina la matroni. Kufananisha vitu hivi viwili ni kuninyamazisha, na sitanyamaza.

Mzee wa Matogoro
Binti yangu, uko sahihi, usinyamaze. Nami nina pendekezo: wapelekwe Songea, chini ya kilomita 300. Pale kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Novemba 2023 kuomba radhi. Inawezekanaje rais asafiri kutoka Berlin kuja kuinama pale, halafu mtoto wa Tunduru apitishwe mbali na kaburi la babu zake akitafuta utamaduni Oysterbay?

Mkazi wa Kijitonyama
Songea itawapa historia, na ni historia kubwa. Lakini haitawapa alichokisema Mwalimu, yaani msanii anayeishi kwa sanaa yake.

Mkulima wa Korosho
Basi mleteni huyo msanii Tunduru. Mnazungumzia nauli, chakula na malazi ya darasa zima, ilhali mchoraji mmoja anahitaji nauli ya mtu mmoja. Akae wiki nzima, afundishe shule nzima na si waliochangia tu, na wasichana walale kwao. Kwa hilo nitatoa mchango hata Juni.

Mwalimu wa Sanaa, Tunduru
Wazo hilo ni zuri na nitalifikisha kwenye kikao cha wazazi pamoja na orodha ya matroni, ambayo nakiri Mama ana haki ya kuiona kabla ya kutia saini. Hata hivyo sitaiondoa ziara katika ajenda. Mchoraji mmoja darasani hawezi kubeba karakana nzima yenye wachoraji wa rika zote wanaokosoana kazi zao, wala jukwaa la Bagamoyo, na mtoto ambaye hajawahi kuvuka Rufiji ana haki ya kuivuka kabla hajaambiwa achague kati ya shamba na daftari.

Mama wa Wawili
Leta majina hayo kikaoni, Mwalimu, pamoja na njia na saa. Nitakaa kiti cha mbele.